Siku Paka Alipoomba Msaada Redioni

Nyinyi mnaoingia studio na kompyuta mgongoni, sogeeni huku upande wangu wa kulia, maana sikio la kushoto lilistaafu kabla yangu. Mimi ni Skolastika, ingawa wengi wenu mnaniita Bibi Skola. Nilikuwa fundi mitambo wa redio ndogo hapa Kasulu tangu enzi za kanda hadi hizi za kubofyabofya, na leo sitaki kuwafundisha namna ya kupandisha besi. Hilo mnalijua, tena mnalizidisha mpaka sufuria za jirani zinacheza kabatini. Nataka kuwaambia habari za ule wimbo wa Paka na Panya. Mnaupiga kwenye sherehe, na kila mmoja wenu ana hadithi yake kuhusu nani aliuimba na ilikuwaje. Mimi nilikuwepo. Ni mimi niliyekuwa nimevaa hedfoni.

Redio yetu ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha kutangazia, na kingine kilikuwa stoo ya mahindi kabla hatujahamia. Hiyo stoo ndiyo tuliyoigeuza studio ya kurekodia kwaya. Tulibandika trei za mayai ukutani na kuegesha magodoro mlangoni, na ukikaa humo wakati wa jua kali unatoka umelowa kama uliyetumbukia mtoni. Mvua ikipiga bati, tunasimama. Jogoo akiwika, tunasimama. Kuna kwaya moja ya Kibondo, ukisikiliza vizuri kanda yao, pale wanapoimba kwamba Bwana ametuita, mbuzi anaitikia. Nilitaka kumfuta. Mwalimu wao akanikatalia kabisa, akasema yule mbuzi ameshika sauti kuliko wanaume wake wa safu ya nyuma.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lazaro, fundi wa redio pale sokoni, mwenye vidole vyeusi kwa kulehemu. Nilipofika kwake nikiwa binti, alinikalisha kwenye kigoda, akaniambia nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Kimya, mzee."

"Muongo wewe. Sikiliza tena."

Nikasikiliza. Nikasikia nzi. Nikasikia waya unaunguruma, mtu anaburuta ndala nje, na Mzee Lazaro mwenyewe akivuta pumzi kwa shida, kwa sababu kifua chake kilikuwa kibovu na hakutaka watu wajue. Nilipomtajia hilo la mwisho, akasema, "Haya. Kesho njoo na kanga ya kazi." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mzee huyo huyo aliwahi kuchomeka waya kinyume akaunguza spika ya kanisa mbele ya mchungaji, moshi ukapanda hadi darini, naye akasema tu, "Hii imekwenda kupumzika."

Alikuwa ameshafariki zamani wakati wimbo wenu unazaliwa. Na huo wimbo ulizaliwa kwa sababu umeme ulikatika.

Siku hiyo kulikuwa na vikundi viwili vinangoja zamu. Cha kwanza ni kwaya ya Kagerankanda, na humo alikuwemo Zakaria. Zakaria ni mkulima wa mahindi na maharage. Wazazi wake walikimbia Burundi kabla hajazaliwa, yeye akazaliwa huku, akakulia huku, na uraia akaupata huku. Alikuwa na sauti nzito mno. Nilikuwa namsimamisha karibu na mlango, mbali na maiki, na bado alifunika wenzake. Mtu mpole, mrefu, haongei sana. Alikuwa anakaa na mke wake, watoto wadogo, na mama yake mzazi, Bibi Koleta.

Kikundi cha pili ni cha kina mama Wakongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, waliokuja na kibali cha siku moja kurekodi wimbo wa kuabudu. Kati yao alikuwepo Bahati, mwembamba kama fimbo, muuza vitenge, mdomo haufungi.

Basi umeme ukaenda, tukakaa chini kungoja. Zakaria akaanza kusimulia, kwa ile sauti yake, kwamba siku ya mnada aliwapeleka watoto kwenye kibanda cha video, wakaonyeshwa katuni za paka na panya wanaokimbizana, na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mmoja ni paka, mwingine ni panya, na Bibi Koleta wamemfanya mwenye nyumba anayekuja na ufagio. "Na mama naye anakubali," alisema. "Anawafukuza kweli kweli na ufagio, halafu anakaa chini anacheka mpaka machozi."

Akamuiga paka. "Panyaaa! Toka nje tuongee!"

Kutoka nyuma ya godoro ikatoka sauti nyembamba kama filimbi: "Bwana Paka, umekula?"

Ilikuwa ni Bahati. Zakaria hakucheka. Akajibu, "Sijala, nakungoja wewe!"

"Basi ningoje, navaa viatu!"

"Vaa haraka!"

"Navaa cha kushoto!"

"Vaa na cha kulia!"

"Cha kulia kimo tumboni mwa mbwa, mfuate yeye!"

Watu walianguka kwa kicheko. Mama mmoja mjamzito alitoka nje akishika mbavu. Umeme uliporudi niliwaambia wasiende popote, nikawapa maiki mbili, nikaweka mdundo mwepesi, na kwaya zote mbili zikaitikia. Paka anauliza uko wapi, Panya anajibu, "Niko huku!" Paka akienda huku, Panya anasema, "Niko kule!" Mwishoni Paka anachoka, anakaa chini, analia: "Jamani nisaidieni, nimetafuta nimechoka mimi." Hapo ndipo watu walipocheka kuliko kote.

Wengi wenu mnadhani sauti ya Panya niliibana kwa mashine. Sikuibana. Bahati aliimba akiwa amesimama kwa ncha za vidole, kidevu juu, kama anachungulia dirishani. Sauti yake mwenyewe ni ya chini, nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuamka. Zakaria yeye hakuigiza chochote. Ile ya Paka ndiyo sauti aliyozaliwa nayo. Aliimba kwa hiyo, aliomba kwa hiyo, alimsalimia mama yake kwa hiyo.

Wimbo tuliupiga asubuhi moja tu redioni. Baada ya hapo haukuwa wetu tena. Uliingia kwenye memori kadi, ukaingia kwenye pikipiki, ukaenda Kibondo, ukavuka kwenda Kakonko, wakaucheza harusini Kasanda, Warundi wa kambi ya Nduta wakawa nao kwenye simu zao. Nilipanda gari kwenda kumzika shangazi yangu, dereva akaupiga njia nzima, nami nimefunga kanga ya msiba kiunoni, nikajikuta natikisa mguu.

Bahati alinufaika. Alikuwa akipita na vitenge vyake kambini, watoto wanamfuata mstari, mama zao wanatoka nje kumwona, hapo hapo anauza. Panya ndiye mshindi wa wimbo, na mshindi anapendwa.

Kwa Zakaria ilikuwa vingine. Mtu hawezi kumwita mwenzake Paka kila siku bila heshima kupungua mahali fulani. Akiingia dukani, mtu nyuma ya gunia analia, "Niko huku!" Akifungua mdomo kwenye kikao cha wazazi shuleni, kabla hajamaliza salamu, watu wanashika midomo. Kanisani walimpa somo la kusoma, somo la huzuni, habari za Ayubu, na alipofika pale Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa, benchi la vijana likaanza kutikisika. Mchungaji mwenyewe aliinamisha kichwa, mabega yanacheza. Zakaria alisoma hadi mwisho, akafunga Biblia, akarudi kukaa.

Alikuja kwangu baada ya hapo kuleta mahindi mabichi. Nikamuuliza kama vicheko vile vinamuumiza.

"Dada Skola," akasema, "mtu akicheka, ana kosa gani? Mimi ndiye niliyewachekesha."

"Na mama?"

"Mama peke yake ndiye asiyenicheka. Wimbo haujui. Nikiongea ananisikia mimi."

Lakini Bibi Koleta alikuwa ameanza kupotea akiwa nyumbani. Mnajua wazee wengine wanavyokuwa. Alikuwa anamwita mjukuu wake kwa jina la dada yake aliyebaki Burundi. Alikuwa anapika chakula cha watu wengi kuliko waliopo, kisha anauliza mbona hawajafika. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, akawa anasimama uani asubuhi, anaangalia upande wa magharibi, kuliko Burundi, anasema kwa lugha yao kwamba maharage ya kule hayajapandwa na watu wamelala. Mke wa Zakaria alikuwa anamrudisha ndani kwa upole, anampa kazi ya kuchambua mchele.

Asubuhi moja mke wa Zakaria alikwenda kisimani, watoto walikuwa shuleni, Zakaria shambani. Mke aliporudi, ungo wa mchele ulikuwa juu ya kiti na Bibi Koleta hayupo.

Walimtafuta siku ile yote. Majirani wa karibu walijitokeza, wakapita mashambani, wakauliza kwenye vijia. Hakuna. Usiku ukaingia na ubaridi wetu huu wa milimani mnaujua. Kulipokucha Zakaria alidandia pikipiki mpaka Kasulu, akaja redioni suruali imejaa matope hadi magotini. Saa za matangazo ya vifo na waliopotea zilikuwa mchana. Aliyekuwa zamu ni Devota, mtangazaji kijana, binti mwenye moyo mzuri. Zakaria aliomba aseme mwenyewe. Devota akaniangalia kupitia kioo, nikamkubalia kwa kichwa. Ni mama yake, nani mwingine angesema?

Nikamfungulia maiki.

"Mimi ni Zakaria wa Kagerankanda," akasema. "Mama yangu, Koleta, alitoka nyumbani jana, hajarudi. Ni mzee, kumbukumbu zinampotea. Amevaa sweta la kijivu na kitenge cha bluu chenye picha za ndege. Anaweza kuwa ameshika jembe. Ukimwona, usimwache aende. Mkalishe, mpe maji, utupigie simu. Jamani nisaidieni. Nimetafuta, nimechoka mimi."

Nilisikia maneno yale ya mwisho kwenye hedfoni, nikayatambua. Yeye hakujua. Alikuwa anasema alichokuwa nacho moyoni. Lakini ni maneno ya Paka, kwa sauti ya Paka, na sauti ilikatika pale pale inapokatika kwenye wimbo.

Simu ikalia kabla Devota hajashukuru. Ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja hewani, kama kawaida ya kipindi. Kijana mmoja akapiga kelele, "Niko huku!" na nyuma yake watu kama wa kijiweni wakaangua kicheko. Devota akaikata. Ikalia nyingine. Mama mmoja, anacheka hata hawezi kumaliza: "Mwambieni Paka mama yake yuko kwangu, ananyonyesha panya!" Nikaikata mimi. Ya tatu ilikuwa ya mzee mwenye adabu, akasalimia vizuri, akauliza hali zetu, kisha akasema, "Huu mpya ni mzuri zaidi ya ule wa kwanza. Naomba muurudie, watoto hawakuusikia."

Zakaria alikuwa amekaa mbele ya maiki na mikono yake juu ya meza. Nikaweka muziki, nikaingia chumbani.

"Wanacheka, dada Skola?"

"Wanacheka, Zakaria. Wanadhani ni mchezo."

"Nirudie basi. Nitasema taratibu."

Akarudia. Alisema taratibu, neno baada ya neno, anajizuia asilie, na kujizuia kwake kukazidisha mambo, maana ile sauti nzito ikawa inatetemeka kama ya Paka anayejifanya hakuumia. Simu zikaendelea. Devota akachukua tangazo akalisoma yeye, kwa sauti ya matangazo ya vifo, akaapa kwamba si utani. Mtu mmoja akapiga kumsifu kwamba naye anaigiza vizuri.

Vijana, hakuna kitu kwenye meza ile ya mitambo ambacho kingenisaidia. Ningeweza kupunguza besi, ningeweza kuongeza mwangwi. Ningefanyaje ili wamsikie mtu?

Zakaria alisimama, akavaa kofia, akasema anarudi kutafuta kwa miguu yake. Akatoka. Nilimwona kupitia dirishani anavuka barabara, na vijana wa pikipiki waliokuwa na redio pale kijiweni wakampokea kwa milio ya nyau. Mmoja wao alimkaribia akicheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka, akamvuta mwenzake mkono. Huyo ndiye aliyempandisha pikipiki yake akampeleka Kagerankanda.

Jua lilikuwa limeshageuka, mawingu yamekaa juu ya vilima, ndipo simu yangu mwenyewe ikaita. Ilikuwa ni Bahati, kutoka kambini.

"Maman Skola, ule mutu analia vreman, kweli kweli," akasema. Hakusalimia. "Hapa batu bote banacheka. Mimi namujua Zakaria. Ile si mchezo. Niweke kwa redio."

"Bahati, Devota amejaribu. Watakucheka na wewe."

"Bacheke. Niweke."

Nikamweka. Na hapo ndipo watu walipomsikia Bahati kwa mara ya kwanza kwa sauti yake mwenyewe, ile ya chini.

"Munaniita Panya," akasema. "Mimi ni Bahati, mama wa watoto. Nilikimbia vita kwetu, nikamwacha mama yangu njiani kwa sababu hakuweza kutembea, sikumuona tena. Ule Zakaria, mama yake iko kwa pori, leo, na mvua inakuja. Kama uliona mama muzee na ukacheka, donke, basi, wewe unajua penye yuko. Acha kucheka. Simama, uende."

Akakata.

Sikuweka wimbo baada yake. Niliacha kimya hewani, kitu ambacho fundi hafanyi, na Devota hakuniuliza. Kisha simu ikalia. Mwanamke, anaongea kwa kunong'ona: alimwona mama mwenye sweta la kijivu jana jioni akipita nyuma ya shule. Ikalia nyingine, mtu wa shamba la mbele zaidi. Ukiyaunganisha, mama alikuwa anakwenda magharibi, anafuata mabonde, anaelekea mpakani. Watu wakaanza kutoka. Tulisikia baadaye kwamba makanisa yalipiga kengele, na wanaume wakashika mapanga ya kufyekea njia, wakasambaa. Mvua ikawakuta huko. Ikanyesha ile ya kufuta nyayo.

Walimpata kesho yake asubuhi, kando ya kijito. Alikuwa amelala ubavu, kitenge cha ndege amekikunja vizuri na kukiweka chini ya kichwa, jembe liko pembeni. Kwenye ncha ya kitenge alikuwa amefunga mbegu za maharage. Zilikuwa zimelowa na kuanza kuvimba. Waliomkuta walisema hakuwa na jeraha. Baridi tu, na uchovu, na umri.

Nilikwenda kuzika. Watu walijaa kiasi kwamba wengine walisimama kwenye mahindi. Bahati hakuweza kufika, kibali hakikupatikana siku ile, lakini alipiga simu na Zakaria akaishika sikioni muda mrefu. Hakuna aliyecheka. Wengi hawakuthubutu hata kumtazama.

Baada ya kaburi kufunikwa, kabla watu hawajanawa mikono, mwanamume mmoja akajitokeza mbele. Jina lake Elia, mkulima wa bonde lile lile alimokutwa mama. Ndiye aliyewaongoza watafutaji hadi kijitoni. Alivua kofia akaikunja mkononi.

"Mimi nilimwona akiwa hai," akasema. "Siku ile ya redio, asubuhi. Alipita shambani kwangu tukasalimiana. Mchana nikasikia tangazo, nimekaa na mke wangu tunakula viazi. Mke wangu akasema, huyo si yule mama wa asubuhi? Mimi nikamwambia, wewe huelewi, huo ni wimbo mpya wa Paka. Tukacheka. Nikarudi kulima. Mama alikuwa hajafika mbali."

Nilidhani watu watamrukia. Shemeji yake Zakaria alisogea hatua mbele, ngumi imefungwa. Zakaria akaweka mkono kifuani kwa shemeji, akamsukuma nyuma taratibu, akamsogelea Elia mpaka wakawa wanatazamana.

"Alikuwa amechoka?" akauliza.

"Kidogo. Lakini alikuwa na furaha."

"Alikwambia nini?"

Elia akaanza kulia. "Aliniuliza kama kule mbele watu wameshapanda maharage. Mimi sikujua anasema kule wapi. Nikamwambia, ndiyo mama, wameshapanda, yameota vizuri. Akasema, basi nimechelewa, ngoja niwahi."

Zakaria akamshika Elia bega.

"Ahsante kwa kumjibu," akasema. "Nyumbani sisi tulikuwa tunamwambia anyamaze."

Kisha akaenda kunawa mikono.

Tangu hapo hatukuupiga ule wimbo redioni. Kwenye simu za watu ulibaki, hilo halizuiliki, na nyinyi mmekua mnausikia. Bahati bado yuko Nyarugusu, anaimba kwaya kwa sauti yake ya chini, na akiombwa ile nyembamba anasema ameipoteza. Zakaria aliacha kwaya. Alikuwa akija mjini kuuza mahindi, ananisalimia kwa kunipungia mkono, hafungui mdomo. Nilisikia kwamba hata nyumbani anaongea kwa kunong'ona.

Mavuno yalipokwisha, akaja redioni mama mmoja wa Kasanda, amefika kwa magari ya kuunganisha, mtoto wake wa kike amepotea akichunga mbuzi. Devota akachukua kalamu aandike tangazo. Yule mama akakataa.

"Mwiteni yule mtu," akasema.

"Mtu gani, mama?"

"Aliyechekwa. Mimi pia nilicheka siku ile, nilikuwa napalilia, nikacheka sana. Mtu mwingine akisema, watu watasikia na kuendelea na kazi zao. Yule akisema hawataweza."

Mimi mwenyewe nilimpigia Zakaria simu. Alikataa. Nikampa yule mama simu, nikatoka nje nisisikilize. Sijui alimwambia nini. Saa chache baadaye Zakaria alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

Sitawaficha: mtoto yule alipatikana mzima. Wengi tuliowatangaza baada yake hawakupatikana, au walipatikana kama Bibi Koleta, na Zakaria aliwasoma wote, kwa miaka, mpaka nilipoacha kazi na hata baadaye. Lakini mimi nakumbuka zaidi siku ile ya kwanza. Alikaa kwenye kiti kile kile. Nikamfungulia maiki. Akasoma jina la mtoto, umri wake, gauni alilovaa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Sauti ile ile, nzito, hakuibana wala hakunong'ona. Akamaliza, akaomba watu wasaidie.

Simu haikulia. Devota alinitazama kupitia kioo. Zakaria aliangalia meza. Yule mama wa Kasanda alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake.

Kisha ikalia. Devota akaipokea, akaiweka hewani. Upande wa pili palikuwa na upepo, na vishindo vya watu wengi wanatembea kwenye majani makavu. Mwanamume mmoja akakohoa kusafisha koo.

"Tumeshatoka," akasema. "Tuambieni tuanzie wapi."